Mashine mbili za milingi, karakana moja: ipi ibaki, ipi iuzwe?

Karakana inayozungumziwa hapa iko Gerezani, Dar es Salaam, na kazi zake ni zile zinazopokewa na karakana nyingi za eneo hilo: shafti za mashine za kusaga nafaka zilizolika, mifereji ya funguo, gia ambazo dukani hazipatikani, bushi, puli, na mara mojamoja vipuri vya mitambo ya viwandani ambavyo mwenye kiwanda hana subira ya kuviagiza nje. Kwa upande wa milingi, yaani kuchonga chuma kwa kikatio kinachozunguka huku kazi ikisogezwa juu ya meza, ina mashine mbili, zote za kuendeshwa kwa mkono. Moja ni Bridgeport iliyotengenezwa Leicester, Uingereza, yenye meza ya inchi 42, ambayo mwenye karakana aliinunua ikiwa imekwisha kutumika miaka mingi kwa watu wengine. Nyingine aliinunua mpya kutoka China. Ni ya aina iitwayo X6325, yenye meza ya upana wa milimita 254 na urefu wa milimita 1,270. Nafasi ni finyu, na mwenyewe alitaka kuingiza presi ya haidroli, hivyo ilimbidi aamue ni ipi kati ya hizo mbili iuzwe. Niliitwa kutoa maoni wakati uamuzi wenyewe ulikuwa karibu umekwisha kufanyika: ya Kichina iondoke, ya Kiingereza ibaki.

Hoja za uamuzi huo hazikuwa za kubeza. Fundi mkuu, ambaye vijana wa karakana humwita mzee, ameifanyia kazi mashine ya Leicester kwa muda mrefu na anaijua kama anavyovijua vidole vyake. Alimwambia mwenye karakana, “Bosi, chuma cha Mwingereza hakidanganyi,” na hakuna aliyembishia. Meza ya mashine hiyo ilizunguka laini kwa kidole kimoja, mota haikuwa na kelele, na uso wa kazi ulitoka ukiwa safi. Mashine mpya, kwa upande wake, ilikuwa imewachosha tangu ilipofungwa: hendeli zilikuwa nzito, kulikuwa na mchezo mkubwa, yaani nafasi ya kupwaya, kwenye skrubu za meza, na koleti, zile shikio zinazobana kikatio, zilikuwa zikiachia vikatio katikati ya kazi. Tatizo ni kwamba yote haya yalikuwa ushahidi wa mkono na sikio. Hakuna aliyekuwa amezipima mashine zote mbili kwa dayo geji, kile kipimo cha mshale kinachoonyesha mabadiliko madogo sana, kwa njia ileile, na kuandika alichokiona.

Kilicholeta kipimo ni oda ya reli nne za kuongozea za mashine ya kufungashia. Kila reli ilikuwa ya chuma laini, urefu wa milimita 500, na ilitakiwa kuchongwa mfereji wa upana wa milimita 12 na kina cha milimita 6, kwa sharti kwamba kina kisitofautiane kwa zaidi ya milimita 0.05 kutoka mwanzo hadi mwisho wa reli. Kwa imani iliyokuwapo, kazi ikapelekwa kwenye mashine ya Leicester. Reli ya kwanza ilipopimwa, sakafu ya mfereji ilikutwa na mgongo: katikati ilikuwa juu, na kuelekea ncha zote mbili ilishuka kwa takriban milimita 0.08. Mteja asingeipokea.

Maelezo ya kwanza ya fundi mkuu yalikuwa ya mtu anayeijua kazi yake. Chuma kilichovutwa baridi kiwandani hubaki na mkazo ndani yake, na ukikichonga upande mmoja tu mkazo huo hulegea upande huo, chuma chote kikapinda. Hilo hutokea kweli, na ni sababu mojawapo ya mafundi wazoefu kuchonga pande zote mbili kwa zamu au kukipasha moto chuma kabla ya kazi. Lakini kama reli yenyewe ingekuwa imepinda, sehemu yake ya chini nayo ingekuwa imepinda. Tuliilaza juu ya bamba la kupimia, ikakaa bila kupwaya, na karatasi nyembamba ya kupimia nafasi haikupita chini yake popote. Reli ilikuwa imenyooka. Uliopinda ulikuwa mfereji. Basi njia iliyopitwa na kikatio haikuwa mstari ulionyooka, na hapo lawama ilitoka kwenye chuma ikahamia kwenye mashine.

Kabla ya kueleza vipimo, inafaa kusema jambo moja kuhusu mashine hizi mbili ambalo hubadilisha namna ya kuzilinganisha. Mtu akisikia “ya zamani” na “mpya” hudhani ni ubunifu wa zamani dhidi ya ubunifu wa kisasa. Hapa sivyo. Umbo la mashine hii, lenye goti linalopanda na kushuka, mkono wa juu unaosogea mbele na nyuma, na kichwa kinachoweza kuinamishwa, lilitolewa na Rudolf Bannow na Magnus Wahlstrom katika mji wa Bridgeport, Connecticut, Marekani, mwaka 1938. Huko Leicester kampuni ya Adcock & Shipley iliitengeneza kwa ajili ya soko la Uingereza na nchi nyingine, na baadaye viwanda vya Taiwan na China vikaiiga kwa wingi. Tundu la spindo, ile shafti inayozungusha kikatio, kwenye mashine zote mbili za Gerezani ni la umbo liitwalo R8, ambalo nalo ni zao la Bridgeport hiyohiyo. Kwa hiyo mashine ya Kichina ni mpya kwa umri tu. Ubunifu wake ni uleule wa kabla ya Vita Kuu ya Pili. Zinazotofautiana ni mambo mawili: uangalifu wa aliyeiunda, na kiasi ilicholika. Ukishaliona hilo, swali la “ipi ni bora” linakuwa jembamba zaidi na linalojibika: kasoro za kila moja ziko wapi, na zipi kati yake zinarekebishika ndani ya karakana hii.

Kipimo cha kwanza kilikuwa rahisi. Dayo geji ilifungwa kwenye spindo, ncha yake ikagusa uso wa meza, kisha meza ikaendeshwa milimita 250 kushoto na milimita 250 kulia. Kwenye mashine ya Leicester mshale ulipanda kuelekea ncha zote mbili kwa karibu kiasi kilekile kilichoonekana kwenye reli, milimita 0.08. Kwenye mashine mpya mshale haukuyumba kwa zaidi ya milimita 0.02 kwa urefu uleule. Lakini kipimo hiki peke yake hakitoshi kuhukumu, kwa sababu mshale ungeweza kupanda vilevile kama uso wa juu wa meza umechimbika katikati, pale jiliwa, kile kibanio cha kazi, lilipokaa miaka yote, huku njia za kutelezea chini yake zikiwa nzima. Meza ya aina hiyo ni tatizo dogo. Kazi ikifungwa vizuri juu yake bado itachongwa ikiwa imenyooka.

Ili kutenganisha mawili hayo, pima maji ya mafundi mashine, ambayo ni nyepesi kuhisi kuliko ile ya waashi, iliwekwa katikati ya meza na kuachwa hapohapo wakati meza ikiendeshwa. Kama njia za chini zimenyooka, kiputo hakina sababu ya kuhama hata kama uso wa meza una mashimo, kwa kuwa pima maji inasafiri pamoja na meza. Kwenye mashine mpya kiputo hakikuhama. Kwenye mashine ya Leicester, meza ilipokwenda kushoto kiputo kilikimbilia kulia, na ilipokwenda kulia kikakimbilia kushoto. Maana yake ni kwamba meza ilikuwa ikiinamia upande inakokwenda, na kwamba safari yake yote ilikuwa upinde.

Chanzo cha upinde huo kinafahamika. Meza ya mashine hii ni ndefu kuliko tandiko, yaani kile kipande kinachokaa chini yake na kuibeba. Inaposukumwa hadi mwisho wa upande mmoja, sehemu kubwa ya uzito wake huning’inia nje, na mzigo wote hubebwa na ukingo wa nje wa njia za tandiko. Miaka ikipita, kingo hizo huliwa kuliko katikati, tandiko likapata mgongo, na njia za meza nazo zikalika kwa kuufuata mgongo huo. Ndiyo sababu mashine ilikuwa laini mkononi: nyuso mbili zilizolika pamoja kwa miaka mingi hukaa pamoja vizuri sana, na hendeli haiwezi kukueleza kwamba nyuso hizo hazijanyooka tena. Ule ulaini uliosifiwa na kila mtu ulikuwa dalili ya ugonjwa.

Fundi mkuu alipendekeza kukaza kabari, ile inayosukumwa na skrubu ili kuondoa nafasi kati ya meza na tandiko. Tulijaribu mbele yake. Kabari ilipokazwa hadi meza ikashika vizuri katikati, meza iligoma kabla ya kufika mwisho. Ilipolegezwa hadi ikapita mwisho, katikati ikawa inapwaya. Hiyo ndiyo tabia ya njia zilizolika kwa kutolingana, na hakuna kiasi cha kukaza kitakachoiondoa. Skrubu ya meza ilionyesha tabia hiyohiyo. Katikati ya safari, ambako kazi nyingi zimefanyika, mchezo wa hendeli, au plei kama mafundi wanavyosema, ulikuwa kama milimita 0.55, karibu na mwisho wa safari ulishuka hadi milimita 0.15. Nati yake ina mpasuko wa kukazia, lakini ukiikaza ili kuondoa mchezo wa katikati, inakwama pale ambapo hesi, yaani nyuzi za skrubu, bado ni nene.

Mchezo wa skrubu una madhara yake, ingawa si yale ambayo wengi huyafikiria. Mchongaji mzuri anayekaribia kipimo kutoka upande mmoja kila mara anaweza kufanya kazi sahihi kwenye skrubu yenye mchezo mkubwa. Hatari iko pale kikatio kinapozunguka kwa kuifuata meza badala ya kuipinga: meno hulivuta jiliwa kuelekea kwao, meza ikaruka kwa kiasi cha mchezo uliopo, na jino moja likapewa chakula cha meno kadhaa kwa mara moja. Karakana hii ilishavunja endimili, yaani kikatio cha kuchongea, ya milimita 12 kwa njia hiyo kwenye mashine ya Leicester, na wakati huo lawama ilitupiwa ubora wa endimili. Skrubu na nati zinatengenezeka. Nati ya shaba nyeusi inaweza kuchongwa hapohapo Gerezani na fundi yeyote wa kukereza anayejua kukata hesi ya Acme, aina inayotumika kwenye skrubu za kusogezea meza, na kwa kuwa muundo huu umeigwa kote duniani, skrubu za kununua nazo hupatikana. Upinde wa njia hautibiki kwa namna hiyo. Tiba yake ni kusaga upya njia za meza na tandiko kwa jiwe kwenye mashine kubwa ya kusagia, kisha kuzikwangua kwa mkono mpaka zigusane sawasawa, na kuinua kila kitu kilichoshuka. Mwenye karakana alipoulizia gharama ya kazi hiyo, jibu alilopewa lilikaribia nusu ya bei aliyolipia mashine mpya, bila kuhesabu muda ambao mashine ingekuwa imelala.

Sasa ya Kichina. Malalamiko dhidi yake yalikuwa ya kweli, na ilipofunguliwa ikaonekana ni kwa nini. Hendeli zilikuwa nzito kwa sababu grisi ya kuzuia kutu ya wakati wa kusafirishwa haikuwa imeondolewa ndani. Ilikuwa imesafishwa nje tu, kwa mafuta ya taa, na kubaki ikiwa imeganda kwenye njia za kutelezea na ndani ya nati. Mrija mmoja wa oili ulikuwa umebanwa wakati wa kuunganishwa kiwandani, hivyo njia moja ya tandiko ilikuwa haipati oili hata kidogo kila pampu ilipovutwa. Kwenye mifereji ya oili kulikuwa na mchanga wa kalibu, ule unaobaki baada ya chuma kusubiwa, na kingo za kabari zilikuwa na makali ambayo hakuna aliyejali kuyaondoa kwa tupa. Mchanga huo ndio ulionitia wasiwasi kuliko yote mengine. Ukiachwa, husaga njia mpya kwa kasi ambayo ingeifanya mashine hiyo izeeke mapema kuliko mwenzake wa Leicester alivyozeeka, na sidhani kama ni haki kumuuzia mtu mashine ikiwa na mchanga ndani kisha kumwambia iko tayari kwa kazi.

Mchezo wa skrubu nao ulikuwa na hadithi yake. Hendeli ya meza ilikuwa na mchezo wa milimita 0.25, kiasi ambacho kwenye mashine mpya kinaudhi. Wengi hukimbilia nati. Dayo geji ilipowekwa kwenye ncha ya skrubu yenyewe na meza ikasukumwa na kuvutwa kwa mkono, skrubu nzima ilionekana ikienda na kurudi: zaidi ya nusu ya mchezo ilitoka kwenye beringi za mwisho wa skrubu, ambazo nati yao ya kukazia ilikuwa imeachwa legelege. Beringi zilipokazwa vizuri na nati ya skrubu kurekebishwa kidogo, mchezo ulishuka hadi milimita 0.08, na ulikuwa uleule katikati na mwisho. Usawa huo una maana kuliko udogo wa namba yenyewe.

Kuhusu koleti kuachia vikatio, kisa chake ni cha hesi tu. Koleti za R8 za karakana zilikuwa na hesi ya inchi 7/16 yenye nyuzi 20 kwa inchi, kama Bridgeport inavyotaka. Mashine mpya ilikuja na koleti chache pamoja na bolti ndefu ya kuvutia koleti, zote za M12. Vijana walikuwa wakichukua bolti ya mashine ya zamani na kuifunga kwenye koleti za mashine mpya. Ikaingia kwa sababu ni nyembamba, ikashika nyuzi moja au mbili, ikaonekana imekaza, na mzigo ulipokuja ikaachia na kuharibu hesi. Ilikerezwa bolti moja mpya ya 7/16 kwa ajili ya mashine ya Kichina, koleti za M12 zikawekwa kando, na tatizo likaisha.

Kazi yote hiyo ya kufungua, kuosha, kupiga tupa, kurudisha na kukaza ilifanywa na watu wa karakana wenyewe kwa vifaa walivyokuwa navyo. Jambo la mwisho lilikuwa kukiweka kichwa sawa na meza, kwa kuzungusha dayo geji kwenye duara pana juu ya meza na kurekebisha hadi mshale usome sawa pande zote nne. Hilo si kasoro ya mashine mpya, kwa sababu kila mashine yenye kichwa cha kuinama hudai kufanyiwa hivyo kila kinapoguswa. Oili ya injini iliyokuwa ikitumika kwenye njia za mashine zote mbili iliachwa, ikaletwa ile ya njia za kutelezea ya daraja la VG 68, ambayo hung’ang’ania chuma na haiachi meza ikishikashika inaposogezwa polepole.

Mambo ya umeme na nguvu yalichukua muda mwingi wa mazungumzo kuliko yalivyostahili. Mota ya mashine mpya ina bamba la volti 380, na umeme wa fezi tatu wa Tanzania ni volti 400; tofauti hiyo iko ndani ya asilimia 10 na mota huivumilia. Mashine mpya ina nguvu za farasi 3 dhidi ya 1 ya mwenzake, lakini mwili wa mashine na tundu la R8 ni vilevile, hivyo ukijaribu kuzitumia nguvu zote hizo, koleti itateleza au mashine itatetemeka kabla mota haijachoka. Ya zamani ina kasi nane, nne za mkanda zikizidishwa mara mbili na gia ya nyuma. Mpya ina kumi na sita kwa sababu mota yake yenyewe ina kasi mbili. Kwa endimili ya HSS, yaani chuma kigumu cha vikatio, ya milimita 12 kwenye chuma laini, mita 25 kwa dakika ni kama mizunguko 660, na kila moja ina kasi iliyo karibu na hiyo. Faida halisi ya mpya inaonekana kwenye vikatio vidogo vya kabaidi, ambayo ni ngumu zaidi: cha milimita 6 kwa mita 80 kwa dakika kinataka mizunguko zaidi ya 4,200, ambayo ya zamani haifiki.

Mjadala mzito zaidi ulihusu kisoma vipimo cha kidijitali. Mwenye karakana alikuwa amekwisha kupata bei yake, na nia yake ilikuwa kukifunga kwenye mashine ya Leicester, akiamini kwamba kingeondoa tatizo la reli. Hakiwezi. Kioo cha kupimia kinachosoma hadi milimita 0.005 hufungwa ubavuni mwa meza na hueleza meza imesogea kiasi gani kwa urefu. Hakijui kama meza imeinama. Mfereji ungetoka na mgongo uleule, isipokuwa sasa urefu wake ungekuwa sahihi kabisa. Pamoja na hayo nilishauri kifungwe hukohuko kwenye ya zamani, kwa sababu nyingine. Skrubu ya mashine hiyo ni ya inchi: mzunguko mmoja wa hendeli ni inchi 0.200, yaani milimita 5.08, na pete yake inasoma maelfu ya inchi, wakati michoro na sampuli zinazoingia karakana ni za milimita. Kila kipimo hutafsiriwa kichwani au kwa simu, na kazi nyingi zilizoharibika hapo ziliharibikia kwenye hesabu, chuma kikiwa hakijaguswa. Kisoma vipimo huondoa tafsiri hiyo, na pia huondoa athari ya skrubu iliyolika, kwa kuwa hakipimi kupitia skrubu. Mashine mpya ina skrubu ya milimita 5 kwa mzunguko na skrubu isiyolika, inaweza kusubiri.

Reli nne zilichongwa kwenye mashine ya Kichina baada ya matengenezo. Tofauti ya kina cha mfereji haikuzidi milimita 0.03 kwenye reli yoyote, na mteja alizipokea. Uso wa mfereji, kusema kweli, haukuwa mzuri kama ule wa mashine ya Leicester, kwa sababu mashine mpya hutetemeka kidogo kikatio kinapoingia kina kikubwa, na ilibidi pasi ya mwisho iwe nyembamba. Lakini uso haukuwa sharti la oda.

Pendekezo langu lilikuwa kwamba kama ni lazima moja iuzwe, iuzwe ya Leicester. Kasoro zake zilizobaki ziko kwenye umbo la chuma chenyewe, na karakana haina njia nafuu ya kuzitoa. Kasoro za ile mpya zilikuwa za uzembe wa kuunganisha, na zilitoka kwa spana, tupa na mafuta. Pendekezo hilo lina mipaka yake. Mtu akipata mashine ya zamani ambayo haikufanyiwa kazi nyingi, au iliyosagwa na kukwanguliwa upya na fundi anayejua, hesabu inageuka, na kuna mashine mpya zilizo mbovu kiasi kwamba kuosha na kukaza hakuzisaidii. Ninachokisema ni kuhusu mbili hizi.

Fundi mkuu hakulikubali, na hoja aliyorudi nayo ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote zilizotolewa katika mazungumzo haya. Alifunga pembemraba ya chuma mezani, akaweka dayo geji kwenye spindo, akapandisha na kushusha goti la mashine mpya. Kwa mwendo wa milimita 200, mshale ulihama milimita 0.06 kwa upande wa mbele na nyuma. Goti halipandi wima kamili. Kwenye mashine ya Leicester, kipimo hicho kilikuwa milimita 0.02, kwa sababu goti huendeshwa mara chache kuliko meza na njia zake zilikwanguliwa vizuri tangu mwanzo. Maana yake kivitendo ni hii: ukitoboa tundu kwenye mashine mpya, ukashusha goti milimita 80 ili uweke rima ndefu, kile kikatio cha kumalizia tundu kwa kipimo sahihi, tundu limekwisha kuhama zaidi ya milimita 0.02 kutoka chini ya spindo, na rima italilazimisha au kulipanua. Hilo halitoki kwa kukaza kitu chochote.

Mwenye karakana aliwasikiliza wote, kisha akaamua jambo ambalo hakuna aliyelipendekeza. Aliiuza mashine ya shepa, ile inayochonga chuma kwa kisu kinachokwenda na kurudi, iliyokuwa imekaa bila kazi ukutani, presi ikaingia mahali pake, na mashine zote mbili za milingi zikabaki. Kazi ndefu, reli, mabamba na chochote kinachozidi milimita 200 hivi kwa urefu huenda kwenye ya Kichina. Gia na mifereji ya funguo huenda kwenye ya Leicester, lakini kichwa cha kugawia, kile kinachozungusha kazi kwa hatua sawa, na jiliwa vimehamishwa kutoka katikati ya meza hadi karibu na mwisho, ambako hesi ya skrubu haijalika, na kwa kazi fupi ya milimita 30 au 40 upinde wa meza hauonekani hata ukiutafuta. Makasha ya gia na vifuniko vinavyohitaji matundu ya kutoboa kisha kupigwa rima navyo vimebaki kwa mzee. Bado naona ni gharama kutunza mashine mbili kwa kazi ambazo moja iliyo nzima ingezifanya, lakini hiyo moja iliyo nzima haimo ndani ya karakana hiyo.